Taulo Jekundu Mlangoni

Mkate usio na chumvi haujitangazi. Unaumuka vizuri tu, tena upesi kuliko wenzake, unapanda mpaka unapita ukingo wa trei, unatoka tanurini umevimba kama shavu la mtu aliyeumwa na nyuki, na ukiutazama utasema huu ndio mkate. Mpaka uukate, uuweke kinywani, utafune. Hapo ndipo unapogundua kwamba unatafuna pamba.

Jumanne ile asubuhi mikate ya namna hiyo ilikuwa mia nne. Ilikwisha pakiwa, ilikwisha fika madukani, na saa moja na nusu haijatimia simu ya mwenye tanuri ilikuwa imepata moto mfukoni kwa kupigiwa. Aliyeikanda alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na miwili ambaye mtaa mzima ulimwita Unga, kwa sababu kila asubuhi alirudi nyumbani na nyusi nyeupe kama za mzee. Miaka kumi na mmoja alikuwa akikanda pale. Alikuwa na kopo lake la bati la kupimia chumvi, lenye mkunjo ubavuni, na kibao chake cha mti cha kukwangulia beseni, kilicholika upande mmoja kwa kufuata mkono wake. Mkono huo ungeweza kukwambia donge linataka maji au linataka muda, bila mwenyewe kufikiri. Lakini usiku wa kuamkia siku ile mkono huo ulikuwa umeshika donge lililonata na kufura haraka kupita kawaida, na haukusema kitu. Mkono wenyewe ulikuwa umelala.

Na hilo lilikuwa kosa la pili. Wiki iliyotangulia alisahau hamira, mikate ikatoka bapa na mizito, na mwenye tanuri akacheka, akasema labda watawauzia mafundi wa kujenga. Safari hii hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kufuta mikono kwenye aproni hata ikiwa safi. Alimwita Unga pembeni, karibu na magunia.

"Nini kimekupata?"

"Nimepata mtoto."

"Wa wiki ngapi?"

"Sita."

Mwenye tanuri akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa anaoujua. Kisha akafuta mikono. Akamwambia kwamba Ijumaa usiku kuna mikate mia nane ya shule ya bweni, na shule ile ikiridhika itachukua kila wiki. "Wakirudisha hata mmoja, mimi na wewe hatutagombana," akasema. "Nitakuhamishia kwenye kuosha trei, na kibao chako nitampa mtu mwingine."

Unga aliwahi kuosha trei miaka miwili ya mwanzo. Alijua maji yale ya moto yanavyochubua vidole, lakini si vidole vilivyomuuma. Kilichomuuma ni kukifikiria kile kibao kilicholika upande mmoja kikiwa kwenye mkono wa mtu mwingine. Alichukua mikate yake miwili ya kila siku, akaenda nyumbani.

Nyumbani kwenyewe kulikuwa kwa mama mkwe. Yeye na mkewe walihamia hapo siku chache kabla ya kujifungua, maana chumba chao cha kupanga kilikuwa juu ya duka la mabati, na mama mkwe alisema mjukuu wake hazaliwi juu ya mabati. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, sebule moja, na baraza nyembamba ya nyuma iliyotazama ua. Watu wake walikuwa wema, wote bila kumtoa mmoja. Ila kila mmoja alikuwa na kelele yake.

Mama mkwe alikuwa na cherehani ya miguu iliyokaa dirishani sebuleni, chuma cheusi chenye maua ya dhahabu yaliyofutika, na alipoikanyaga ilifoka katakatakata hadi vikombe vikatembea kabatini. Katikati ya sebule hiyohiyo palikuwa pahala pa kazi pa shemeji, mdogo wa mkewe, ambaye alikuwa msusi. Viti viwili vifupi, benchi moja la wateja wanaosubiri, na soga kuanzia saa nne mpaka jua linakwenda kupumzika. Na kwenye baraza ya nyuma aliketi mjomba, kaka wa mama mkwe, fundi wa redio. Mjomba aliamini kwamba redio haijapona mpaka ipige kelele kwa nguvu zake zote, na tena mbele ya wenzake, ili ione haya ikikoroma. Kwa hiyo alizifungulia tano kwa pamoja.

Juu ya hao wote alikuwepo Mheshimiwa. Jina lake la kwenye cheti lilikuwa refu na zuri, lakini nyumbani aliitwa hivyo kwa sababu akitoa sauti watu wote walisimama. Usiku alikuwa na mama yake, na mama yake hakupata hata lepe la usingizi. Saa mbili asubuhi Unga akifika, wawili hao walipokezana mtoto mlangoni kama makuli wanaopokezana gunia, mama anaingia kitandani kabla hajamaliza kuuliza habari za kazi, na baba anaanza zamu ya kutembea. Saa sita mchana wanapokezana tena. Hapo ndipo ilipokuwa zamu ya Unga kulala, na hapo ndipo cherehani, soga na redio zilipokuwa zimekolea.

Wiki sita hakusema neno. Angesema nini? Ile cherehani ndiyo iliyomsomesha mkewe. Mkwe gani atasimama katika nyumba ya mama mkwe wake, anakula chake, analala kwake, amwambie mama punguza mguu? Alijikaza kisabuni. Akilala anavuta mto juu ya masikio, akihesabu mishono, na saa kumi na nusu anaamka, kama ni kuamka kule, anakwenda kazini.

Jumanne ile aliweka mikate mezani akajitia kuchezacheza na mtoto. Mama mkwe akakata kipande, akachovya kwenye chai, akatafuna kwa muda mrefu akitazama ukuta.

"Mkwe," akasema, "ulimi wangu umezeeka, au mkate huu umesahau kitu njiani?"

Angeweza kumwambia ni ulimi. Lakini alikuwa amechoka mno hata kudanganya. Akaeleza yote, chumvi, hamira, shule ya bweni, trei, kibao. Hakutaja kelele hata kidogo. Hakuwa na haja, kwa sababu alipofika mahali pa kueleza kwa nini halali, redio tano zilipiga kwa pamoja nyuma ya nyumba na ikabidi asubiri zinyamaze ndipo aendelee. Mama mkwe akaacha kutafuna. Akaitazama cherehani yake kama mtu anayemtazama mwanawe aliyeletewa mashitaka.

Kikao kikaitishwa palepale. Mjomba ndiye aliyetoa mpango, na alijivunia mno. Kulikuwa na taulo jekundu, kubwa, ambalo hakuna aliyekumbuka lilikotoka. Litundikwe kwenye msumari wa mlango wa mbele, mahali ambapo anayetoka njiani ataliona na aliye ndani ataliona. "Taulo likiwepo, mtu kalala," mjomba akasema. "Lisipokuwepo, dunia iendelee." Shemeji akauliza wateja wake wataongeaje. Akaambiwa wana mikono.

Jumatano saa sita taulo likapanda msumarini, na nyumba ikanyamaza kama maji mtungini.

Unga akalala chali. Akafumba macho. Akasikia bomba la uani likidondosha tone, akasubiri la pili, likaja, akasubiri la tatu. Akasikia minong'ono sebuleni, na minong'ono haina budi kusikilizwa, kwa sababu mtu huona lazima anasemwa yeye. Akamsikia mteja wa shemeji akizuia kicheko, na kicheko kikimtoka puani. Mjomba akapiga chafya iliyobanwa, ndogo, ya huzuni. Kisha mama mkwe akapita ukumbini kwa ncha za vidole, mwanamke wa miaka sitini na nne mwenye uzito wake, na kila hatua goti lake likalia ka, ka, ka mpaka jikoni, na ka, ka, ka kurudi. Unga alilihesabia hatua ishirini na sita. Aliona aibu hadi masikio yakawaka. Nyumba nzima inatembea kwa vidole kwa ajili yake, naye ametoa macho.

Saa kumi na nusu alitoka chumbani. Walikuwa wamejipanga sebuleni wanamsubiri, hata mjomba alitoka barazani na bisibisi mkononi.

"Vipi, mkwe?" mama mkwe akauliza. "Umelala?"

Angewezaje kuwaambia? "Usingizi wa pono, mama," akasema. "Sikusikia hata inzi."

Walivyofurahi. Shemeji alipiga makofi bila sauti, kwa mazoea ya siku ile. Na kwa kuwa dawa imefanya kazi, Alhamisi waliongeza dozi. Shemeji aliwarudisha wateja wote, akawaambia waje siku nyingine. Mjomba alichomoa nyaya ukutani kabisa ili redio isije ikajisahau. Mama mkwe alikuwa na sketi saba za kumaliza, akazikunja, akaziweka juu ya kabati, akakaa na mikono mapajani. Hata bomba la uani lilifungwa kitambaa. Hapakuwa na kitu cha kusikiliza, na Unga akasikiliza hicho hicho. Mheshimiwa naye, ambaye siku nyingine mchana alisinzia sinzia, alikaa macho makavu kwenye mikono ya mama yake, akakunja uso, akalia kwa sauti iliyozagaa katika kimya kile kama sufuria iliyoangukia sakafuni. Alhamisi jioni Unga alisema tena amelala kama mfu. Mkewe akamtazama, akatazama macho yake mekundu.

Usiku huo kazini aliinua kopo la bati mara tatu bila kujua kama amekwisha weka chumvi au bado. Ilibidi alambe donge. Kulikuwa na chumvi. Alikanda akiwa ameegemea ukuta, akanusurika kwa ulimi, na mwenye tanuri akamwona akilamba, akafuta mikono. Mikate ya siku hiyo ilikuwa mia mbili. Kulamba beseni baada ya beseni kwa mikate mia nane, na macho ya namna ile, alijua hataweza.

Ikafika Ijumaa.

Mkewe alikesha na mtoto usiku mzima, kwa hiyo saa sita ilipofika Unga hakuwa na moyo wa kumwamsha. Alimwacha alale, akaendelea kutembea na Mheshimiwa begani. Alitundika taulo mlangoni kwa mkono wake mwenyewe. Robo saa baadaye, wakiwa wanapita karibu na mlango huohuo, Mheshimiwa akacheua maziwa ya kutosha watu wawili, na Unga, ambaye kichwa chake kilikuwa kimejaa pamba, akanyakua kilichokuwa karibu, akamfuta mtoto, akajifuta bega, akakitupa kwenye karai la nguo chafu. Kilikuwa taulo jekundu. Hakulikumbuka tena. Alirudi chumba cha nyuma akaendelea kuhesabu hatua.

Mama mkwe akapita, akabeba karai, akaenda kufua uani. Taulo akalianika kwenye kamba pamoja na nepi.

Shemeji akarudi sokoni, akatazama msumari, mtupu. Akashukuru, kwa sababu wateja wa siku mbili walikuwa wakimnung'unikia, na mmoja alikuwa nyuma yake njia nzima. Akafungua mlango wazi, akapanga viti. Mjomba akasikia sauti za watu, akachungulia msumari, akachomeka nyaya, kwa maana alikuwa na redio za watu tano wenye hasira. Mama mkwe akaingia kutoka uani, mikono ina povu, akakuta nyumba imechangamka, akasema moyoni basi mkwe kaamka, akashusha zile sketi saba.

Katakatakata. Vikombe vikaanza safari kabatini.

Unga alitoka chumbani na mtoto analia begani. Safari hii alikuwa ameamua. Angewaambia ukweli wote. Kwamba hakulala Jumatano, wala Alhamisi, kwamba aliwadanganya kwa haya, na kwamba sasa anaomba radhi aende akajilaze kwenye magunia ya unga kazini mpaka saa ya zamu. Alifika sebuleni. Benchi lilikuwa na nafasi mwishoni, akakaa, akasubiri pengo la kusemea.

Aliyekuwa akisukwa alikuwa muuza mayai, mama wa sauti pana, na alikuwa katikati ya habari ya kiti chake. Alikuwa amekipeleka kiti kwa seremala kutiwa mguu mmoja. Seremala kamrudishia kiti kizima, kizuri, kimepakwa rangi, ila si chake. Chake kilikuwa na miguu ya mviringo, hiki ni ya pembe. Amerudi. Seremala anaapa ndicho. Amerudi tena na mumewe. Mumewe, mtu gani yule, amekikalia akasema mbona kinafaa. Unga hakuwa na adabu ya kumkatiza mtu mzima katikati ya maneno. Akasubiri afike mwisho. Muuza mayai alikuwa anarudi kwa seremala mara ya nne, na safari hii amebeba picha ya harusi ambayo kiti kinaonekana nyuma ya bibi arusi, pembeni kidogo, mguu mmoja tu, lakini wa mviringo...

Yaliyofuata Unga hakuyaona. Alikuja kusimuliwa kwa vipande, na kila mtu alikuwa na kipande chake.

Mkewe aliamka saa saba na nusu, akashtuka kwa kelele, akakimbia sebuleni. Akamkuta mumewe amekaa benchini, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, na Mheshimiwa amejilaza kifuani pake kama kiraka, wote wawili wanakoroma, mmoja kwa sauti nene na mwingine kwa sauti nyembamba. Mkewe hakusubiri. Alikimbia uani, akalivuta taulo kwenye kamba likiwa linachuruzika, akalitundika msumarini, akageuka akaweka kidole mdomoni.

Nyumba yote ikakata sauti mara moja. Mguu wa mama mkwe ukasimama hewani. Mjomba akazima tano kwa mkupuo.

Mheshimiwa akafungua jicho moja. Unga akatikisika, akapapasa hewa kwa mkono, akasema wazi kabisa, "Chumvi."

Wote wakatazamana. Taulo lilikuwa likidondosha maji sakafuni, to, to. Mheshimiwa akafungua jicho la pili na akaanza kukunja uso. Mama mkwe ndiye aliyeelewa kwanza. Aliurudisha mguu kwenye kikanyagio, akaanza polepole, katakata, kisha akaongeza. Unga akashusha pumzi. Mheshimiwa akafumba jicho moja.

"Endelea," mama mkwe akamwambia muuza mayai.

"Niendelee na nini?"

"Na kiti. Na usipunguze sauti."

Muuza mayai hakuwa amewahi kuombwa hivyo maishani mwake, na alijitahidi. Mjomba akafungulia redio moja, akachungulia, akafungulia ya pili. Kufikia ya nne Mheshimiwa alikuwa amelala fofofo.

Sasa tatizo likawa jingine. Ilikuwa saa nane kasoro, na Unga alipaswa kuamka saa kumi na nusu. Kiti kiliisha saa nane na dakika kumi. Nywele nazo zilikuwa zimebaki misuko miwili. Shemeji akafumua minne, akaanza upya, na muuza mayai akasimulia alivyoolewa. Saa tisa alikuwa amemaliza ndoa yake na ya dada yake, koo limemkauka, akapewa maji, akaomba msamaha kwamba maisha yake hayana mengine. Mama mkwe alikuwa amemaliza sketi zote saba. Hakukuwa na kitambaa. Akachukua foronya, akaipiga mshono upande mmoja, akaipiga wa pili, akaizungushia pande zote nne mpaka ikawa imezibwa kabisa, haiingii mto wala upepo, na bado anaizungusha. Mjomba alilazimika kushika waya wa redio moja kwa mkono, kwa sababu alipouachia ilinyamaza. Alikaa hivyo saa nzima, kama mtu anayepimwa mapigo ya moyo.

Soga zilipokauka kabisa, wakamtazama mama mkwe. Yeye hakuwa msemaji wa benchini. Alikanyaga cherehani kidogo, halafu akaanza.

"Huyu mke wake naye alikuwa hivihivi," akasema kwa sauti kubwa. "Alipozaliwa tulifunga madirisha, tukawakataza majirani, akalia wiki tatu mfululizo. Siku moja baba yake akambeba wakaenda kusaga mahindi. Wakawa hawarudi. Nikawafuata. Nikawakuta kwenye mashine ya kusaga, ile inayotetemesha mpaka meno, wote wawili wamelala juu ya magunia, weupe kama vizuka, na mwenye mashine anaendelea kusaga ya watu wengine. Tangu siku hiyo tukawa tunakwenda kulala huko kwa zamu."

Mkewe Unga alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwahi kusikia habari hiyo. Akauliza kwa nini siku zote hizi mama hakusema.

"Nilisahau," mama mkwe akasema. "Miaka thelathini. Nilikuwa sijalala, ningekumbukaje?"

Muuza mayai ndiye aliyeanza kucheka, halafu shemeji, halafu mjomba na waya wake, na walicheka kwa sauti yao yote kwa kuwa siku ile ilikuwa ruhusa. Wawili wa benchini hawakupepesa kope.

Saa kumi na nusu ikafika. Mkewe akasogea amguse bega, mama mkwe akamzuia kwa mkono. Alimtazama mjomba, akainua vidole vitatu. Viwili. Kimoja. Na wote wakanyamaza kwa pamoja.

Unga akafungua macho palepale, na Mheshimiwa akafungua yake. Waliwaona watu watano wamewakodolea. Unga alijihisi mwepesi, kama mtu aliyevuliwa koti lililolowa. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Kile kiti kilipatikana?"

Akaambiwa kilipatikana, kiko kwa shemeji wa yule seremala. Ndipo akakumbuka alichokuja kusema. Akainama, akamwambia mama mkwe kwamba Jumatano hakulala, wala Alhamisi, na kwamba alimdanganya mara mbili mbele ya watu.

"Najua," akasema mama mkwe. "Mtu aliyelala hahesabu hatua za mwenzie. Nilikusikia ukinong'ona ishirini na sita." Akamtupia ile foronya iliyozibwa. "Kaoge uende kazini."

Usiku ule mkono ulikuwa macho. Unga alipima chumvi kwa kopo la bati, mara moja kwa kila beseni, na alijua kila mara kwamba ameweka. Donge lilimjibu. Lilipotaka maji lilisema, lilipotaka muda lilisema. Alfajiri mwenye tanuri alichagua mkate mmoja katikati ya mia nane, akauvunja, akaunusa, akala nusu yake akiwa amesimama. Alichukua kile kibao kilicholika upande mmoja kilichokuwa kwenye beseni, akakiosha mwenyewe chini ya bomba, akakifuta kwa aproni, akakirudisha kwenye ndoano ya Unga. Halafu akasema kwa mkate huu shule ile itachukua kila Ijumaa, na akaenda kufungua milango.

Saa mbili Unga alikuwa mlangoni kwa mama mkwe na mikate miwili. Msumari ulikuwa mtupu. Taulo jekundu lilikuwa limemfunika Mheshimiwa, ametoka kuoga, anapiga mateke. Mkewe alimpa mtoto lakini safari hii hakukimbilia kitandani. Alikwenda akajilaza kwenye benchi la wateja, akaweka ile foronya iliyozibwa chini ya kichwa, ikiwa imekunjwa mara nne, akasema aliambiwa yeye ni mtoto wa mashine ya kusaga na anataka kuona kama ni kweli.

Mama mkwe alikata kipande cha mkate. Hakukichovya. Alikitafuna kikavu, polepole, akitazama ukuta, na watu wote wakamsubiri, hata shemeji aliyekuwa na chanuo kinywani.

"Chumvi ipo," akasema.

Akameza, akavuta kiti chake dirishani, akaweka mguu kwenye kikanyagio, kisha akageuza shingo kuelekea barazani.

"Kaka, fungulia zote. Watoto wanataka kulala."